Kombe wa Mwambani: Anachohitaji Baharini, na Kwa Nini Si Rahisi Kumfuga Nyumbani

Wakazi wa Bongwe, Gombato na vijiji vingine vilivyo karibu na ufuo wa Diani wanamfahamu kombe mkubwa wa mwambani. Ni yule mwenye gamba zito la vipande viwili, lenye mikunjo kama ya mabati, ambaye akifunguka huonyesha nyama ya rangi ya buluu, kijani, hudhurungi au zambarau. Wengi humwona siku za bamvua, maji yanapokupwa na watu wakashuka mwambani kuchokoa pweza na kutafuta kitoweo.

Uzuri wake ndio unaomponza. Watu wenye matangi ya kioo ya maji ya bahari, hapa nchini na ng'ambo, humtafuta awe pambo hai. Mkazi anaweza kuombwa amtolee mtu kombe mmoja kwa malipo kidogo. Mfanyakazi wa nyumba ya wageni naye anaweza kukabidhiwa tangi alitunze bila kuelezwa namna ya kulitunza. Mara nyingi mwisho ni mmoja: baada ya siku au wiki chache kombe hufa, maji ya tangi huoza, na mwambani hubaki shimo.

Makala haya yanaeleza namna kombe anavyoishi, anavyowekwa na kutunzwa ndani ya tangi, na sheria inavyosema. Jambo kubwa la kushika ni hili: kombe ni mnyama anayeishi kwa kukaa mahali pamoja panapomfaa. Akiondolewa hapo bila ujuzi, huwa ameshaanza kuuawa.

Ni kombe gani anayezungumziwa?

Duniani kuna aina kadhaa za makombe wakubwa wa jamii hii. Aliye mkubwa kuliko wote, ambaye wanasayansi humwita Tridacna gigas, huweza kupita urefu wa mita moja na uzito wa kilo 200, lakini huyo hapatikani katika pwani ya Kenya. Wanaojulikana zaidi katika miamba yetu ni wawili. Wa kwanza ni Tridacna maxima, ambaye hukua hadi karibu sentimita 35 na hupenda kujichimbia katika jiwe hadi ukaonekana mdomo wake tu. Wa pili ni Tridacna squamosa, ambaye hufikia karibu sentimita 40, ana magamba yaliyojitokeza kama vigae, na hukaa juu ya mwamba au kati ya vipande vya matumbawe bila kujichimbia.

Zipo hadithi za makombe kubana miguu ya wapiga mbizi hadi wakafa maji. Hakuna tukio la aina hiyo lililothibitishwa. Kombe hujifunga ili kujikinga, wala hawindi mtu.

Mkulima aliyebeba shamba lake mwilini

Kombe huyu hutofautiana na viumbe wengi wa bahari kwa namna anavyopata riziki. Ndani ya ile nyama yake ya rangi wanaishi mamilioni ya mwani wadogo mno, wasioonekana kwa macho. Mwani hao hutumia nuru ya jua kutengeneza sukari, kazi ambayo wanafunzi huisoma shuleni kwa jina la usanidinuru. Sehemu kubwa ya sukari hiyo humfikia kombe ikawa chakula chake. Kombe naye huwapa mwani makao salama, hewa ya ukaa na uchafu wa mwili wake, ambao kwao ni mbolea.

Ndiyo maana kombe hutandaza nyama yake juu, kuelekea jua, kama mkulima anayeanika mazao uani. Mbali na shamba hilo, kombe huvuta maji kupitia tundu moja, huchuja vijidudu na chembe za chakula, kisha huyatoa kupitia tundu la pili. Kwa hiyo ana njia mbili za kula. Lakini kombe aliyekaa gizani hawezi kuishi kwa kuchuja maji peke yake kwa muda mrefu.

Pembezoni mwa nyama hiyo yapo macho madogo mamia kadhaa. Hayaoni sura ya kitu, bali hutambua kivuli. Kivuli cha samaki au cha mkono kikipita juu yake, kombe mwenye afya hujikunja mara moja.

Chini ya gamba, upande wa bawaba, kuna uwazi ambamo mguu wake hutokea. Mguu huo hutoa nyuzi ngumu zinazomshikilia kwenye jiwe. Mtu anayemng'oa kwa nguvu, kwa chuma au kwa mkono, mara nyingi huchana kiungo kinachotengeneza nyuzi hizo. Jeraha hilo halionekani kwa juu. Kombe anaweza kuendelea kufunguka siku mbili tatu, mtu akadhani yuko salama, kumbe anakufa polepole.

Kwa nini kombe mmoja ana uzito mwambani

Kombe ni mume na mke kwa pamoja. Akikomaa, hutoa mbegu za kiume majini kwanza, kisha mayai, na mayai hayo huweza kufika mamilioni. Lakini hawezi kumfuata mwenzake. Mimba hutungwa majini, pale tu makombe wawili au zaidi wanapokuwa karibu na kutoa mbegu zao wakati mmoja. Wakitenganishwa na mwanya mkubwa, mbegu hupotea na maji.

Kutokana na hali hiyo, mwamba unaweza kuwa bado una makombe wachache, kila mmoja mzima, na bado kusizaliwe hata mmoja. Kumtoa mmoja kati ya watatu waliokaa jirani huenda kukawa ni kukata uzazi wa wote watatu. Watoto wanaozaliwa huelea majini kwa takriban wiki moja kabla ya kutua kwenye jiwe, na wengi wao huliwa. Wanaosalia hukua sentimita chache tu kwa mwaka, kwa hiyo kombe wa ukubwa wa sahani amechukua miaka mingi kufika hapo.

Hasara hiyo humfikia mvuvi pia. Kombe huchuja maji, magamba yake huwa maficho ya samaki wadogo na viumbe wengine, mayai yake huliwa na samaki, na akifa gamba lake huwa sehemu ya mwamba wenyewe. Anayevunja matumbawe ili kumtoa kombe aliyejichimbia huharibu pia nyumba ya changu, tafi, pono na pweza, ambao ndio kitoweo na pato la kaya nyingi za Diani hadi Msambweni.

Miamba yetu tayari ina mzigo. Mwaka 1998 joto kali la bahari lililoandamana na El Niño lilifanya matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi, yakiwemo ya Kenya, kupauka na kufa. Kombe naye hupauka: maji yakipata joto kupita kiasi, huwapoteza wale mwani wake na kugeuka mweupe. Hali ya kupauka imejitokeza tena katika miaka iliyofuata, na mwezi Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kuwa dunia imo katika awamu ya nne ya kupauka kwa matumbawe kote ulimwenguni. Makombe wanaosalia baada ya joto kama hilo ndio wanaotegemewa kuzaa kizazi kijacho.

Tangi linalofaa kombe

Kwa mtu aliye na tangi la maji ya bahari kihalali, au anayeajiriwa kulitunza, ni vyema kujua kwamba kombe si mnyama wa kuanzia. Tangi jipya halimfai. Linapaswa kuwa limekaa miezi sita au zaidi likiwa na mawe, samaki na maji yaliyotulia, kwa sababu bakteria wanaosafisha uchafu huchukua muda kujijenga. Tangi kubwa hutulia kuliko dogo. Wafugaji wengi hushauri lisipungue lita 200.

Maji yanapaswa kufanana na ya baharini, na yasiyumbe. Vipimo vinavyokubaliwa na wafugaji ni hivi:

• Joto: nyuzi 25 hadi 27 za Selsiasi.
• Chumvi: gramu 35 hivi katika kila kilo ya maji.
• Kiwango cha pH: 8.1 hadi 8.4.
• Kalsiamu: miligramu 400 hadi 450 kwa lita.
• Magnesiamu: miligramu 1,250 hadi 1,350 kwa lita.
• Amonia: isiwepo kabisa.

Kalsiamu inahitajika kwa sababu kombe hujenga gamba lake kila siku kutokana na madini yaliyomo majini. Ndani ya bahari madini hayo hayaishi. Ndani ya tangi hupungua, na kombe anayekua vizuri huyamaliza haraka. Kwa hiyo maji hupimwa angalau mara moja kwa wiki na upungufu kujazwa kidogo kidogo, na sehemu ya kumi hivi ya maji hubadilishwa kila wiki au kila wiki mbili.

Hapa Kwale kuna mambo manne ya kuangaliwa zaidi.

La kwanza ni joto. Maji ya bahari yetu huwa baridi zaidi wakati wa kusi, karibu Agosti, na hupata joto zaidi mwezi Machi, kaskazi inapoisha, yakakaribia nyuzi 30. Tangi lililo ndani ya chumba kisichopitisha hewa linaweza kupita hapo. Taa za tangi nazo huongeza joto. Tangi liwekwe mbali na dirisha linalopigwa na jua la mchana, na feni ya kupuliza juu ya maji husaidia kuyapoza.

La pili ni maji ya kuongeza. Maji ya tangi yanapokauka, ni maji matamu yanayoondoka huku chumvi ikibaki. Anayejaza kwa maji ya bahari huongeza chumvi juu ya chumvi. Kinachotakiwa ni maji matamu yaliyosafishwa. Maji ya visima vingi vilivyo karibu na ufuo hayafai, kwa kuwa ardhi yake ni ya mawe ya matumbawe na maji huwa na chumvi na chokaa. Maji ya mfereji yenye klorini pia yasitiwe moja kwa moja. Anayechota maji ya bahari kwa ajili ya kubadilisha yale ya tangi ayachote maji yanapojaa, mbali na mito na mitaro, na asichote baada ya mvua kubwa.

La tatu ni umeme. Stima ikipotea usiku, pampu husimama na hewa ndani ya maji hupungua. Tangi lenye kombe linahitaji pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, iliyo tayari wakati wote.

La nne ni dawa. Dawa ya kupuliza mbu na mende ni sumu kwa viumbe wa majini, na haipaswi kupulizwa katika chumba chenye tangi. Vilevile dawa za samaki zenye shaba huua kombe hata zikiwa kidogo. Sarafu au waya wa shaba usitumbukizwe ndani ya tangi.

Namna ya kumweka

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mtu humweka kombe pale anapopendeza machoni, badala ya pale anapoweza kuishi. Mahali pazuri hupimwa kwa mambo matano.

Msingi. Maxima ni kombe wa mwamba. Awekwe juu ya jiwe, katika kibonde kidogo kitakachomzuia kuanguka, wala asiwekwe mchangani. Squamosa anaweza kukaa juu ya jiwe bapa au kwenye vipande vya mawe chini ya tangi. Mlango wa nyama uelekee juu na mguu uelekee chini, ukigusa kitu kigumu. Njia inayosaidia ni kumweka kwanza juu ya kipande kidogo cha jiwe au gamba bapa. Akijishikilia hapo, jiwe lote linaweza kusogezwa naye, bila kumng'oa.

Mwanga. Kombe anahitaji taa kali za matangi ya matumbawe, kwa saa nane hadi kumi kila siku. Taa ya kawaida ya nyumbani haimtoshi. Maxima huhitaji mwanga mwingi zaidi, kwa hiyo mwishowe hukaa sehemu ya juu ya tangi. Squamosa huridhika na mwanga wa kadiri. Hata hivyo, asipandishwe juu siku ya kwanza. Aanzie chini, kisha asogezwe polepole kwa muda wa wiki mbili au zaidi, kwa sababu mwanga wa ghafla humchoma kama jua kali linavyounguza mche uliotolewa kivulini.

Mkondo. Maji yapite taratibu, yakimletea chakula na kumwondolea uchafu. Yakimpiga usoni kwa nguvu, hujikunja na kukataa kufunguka, na kombe asiyefunguka hapati nuru.

Majirani. Asiwekwe karibu na viumbe vinavyowasha, kama tumbawe lenye minyiri mirefu. Samaki kama kikande na bunju wasikae naye, kwani wana meno ya kuvunja gamba, na baadhi ya samaki vipepeo humdonoa nyama.

Nafasi. Gamba lipate nafasi ya kufunguka lote na kukua bila kubanwa na mawe.

Akishawekwa, aachwe. Kumhamisha kila siku humchosha, maana kila mara hulazimika kutengeneza nyuzi upya. Akisogea mwenyewe au akiruka kutoka pale alipowekwa, hiyo ni dalili kwamba mahali hapo hapamfai. Ikilazimu kumtoa mahali alipojishika ndani ya tangi, nyuzi hukatwa kwa wembe karibu na jiwe. Hazivutwi kamwe.

Siku ya kwanza na siku zinazofuata

Kombe anapoletwa, mfuko wake huelezwa juu ya maji ya tangi hadi joto lilingane. Kisha maji ya tangi huongezwa ndani ya mfuko tone kwa tone, kwa muda wa karibu saa moja. Akiingizwa ndani ya tangi, ainamishwe taratibu chini ya maji ili mapovu ya hewa yaliyonaswa ndani ya gamba yatoke.

Makombe wadogo wa chini ya sentimita 5 ni dhaifu. Shamba lao la mwani bado ni dogo, kwa hiyo huhitaji zaidi chakula kinachoelea majini. Hao hawamfai mtu asiye na uzoefu.

Anayemtunza ajifunze kumsoma. Kombe mzima hutandaza nyama hadi ikafunika ukingo wa gamba, hujikunja haraka akipitiwa na kivuli, na huonyesha mstari mweupe mpya kwenye ukingo wa gamba, ambao ni alama kwamba anakua. Kombe mgonjwa hubaki wazi kupita kiasi hata akiguswa, tundu lake la kuvuta maji likiwa limetanuka, au nyama yake hujivuta ndani mchana kutwa. Akianza kupauka kutoka katikati, mwanga au joto si sawa.

Usiku, kwa kurunzi, aangaliwe upande wa chini karibu na mguu na kwenye ukingo wa gamba. Wapo konokono wadogo mithili ya punje za mchele ambao hutoka gizani kumfyonza. Huondolewa kwa mswaki laini, na mayai yao hupanguswa pia.

Akifa, atolewe mara moja. Mzoga wake huoza haraka na kujaza amonia ndani ya tangi, na samaki wote wanaweza kufa usiku mmoja.

Sheria inasemaje?

Makombe wote wa jamii hii wamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, unaojulikana kama CITES, tangu mwaka 1985. Kenya ni mwanachama wa mkataba huo. Maana yake ni kwamba kombe hai, nyama yake au gamba lake haviruhusiwi kuvuka mpaka kibiashara bila kibali cha nchi anakotoka. Mgeni anayebeba gamba la kombe kwenye sanduku anaweza kusimamishwa uwanja wa ndege na kutakiwa aonyeshe kibali.

Nchini, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inamtaka anayefuga wanyamapori au kufanya biashara nao awe na idhini, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ndilo linalohusika. Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016 nayo inasimamia leseni za uvuvi, ukiwemo ule wa samaki wa mapambo. Samaki hao wamekuwa wakivuliwa hai katika pwani ya Kenya na kusafirishwa kwa ndege kwa miongo mingi. Leseni ya kuvua samaki wa mapambo isichukuliwe kuwa ruhusa ya kutoa kombe mwambani.

Pwani ya kusini ina maeneo ya bahari yanayolindwa. Kisite, karibu na Shimoni, ni mbuga ya kitaifa ambamo hakuna kinachoruhusiwa kutolewa, iwe samaki, tumbawe au gamba. Eneo la Diani hadi Chale lilitangazwa kuwa hifadhi ya kitaifa ya bahari mwaka 1995. Katika hifadhi, uvuvi wa kienyeji huruhusiwa kwa masharti, lakini kung'oa matumbawe na kuchukua magamba ya pambo ni marufuku.

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, serikali za kaunti zina jukumu la uvuvi katika maeneo yao, huku ulinzi wa wanyamapori ukibaki kwa serikali ya kitaifa. Ndiyo sababu suala la kombe linagusa afisi mbili: ya uvuvi na ya KWS. Katika bandari za wavuvi, vikundi vya usimamizi wa fuo, BMU, ndivyo vilivyo karibu zaidi na mwananchi.

Anayetaka kombe afanye nini?

Ipo njia isiyogusa mwamba. Tangu miaka ya 1980, katika visiwa vya Palau na kwingineko katika Bahari ya Pasifiki, makombe wamekuwa wakizalishwa katika mabwawa. Wazazi wachache hutunzwa, mayai yao huanguliwa, na wadogo hukuzwa hadi wakafaa kuuzwa kwa wenye matangi au kurudishwa baharini. Makombe wa mashamba hayo huwa wamezoea kuhamishwa, wamekaa juu ya vipande vidogo vya mawe vinavyobebeka, na huuzwa kwa hati zinazoonyesha asili yao.

Anayeuziwa kombe aulize maswali matatu kabla ya kutoa pesa: ametoka wapi, hati zake ziko wapi, na mguu wake ni mzima? Muuzaji asiyeweza kujibu maswali hayo asinunuliwe kitu. Mnunuzi asiye na hati yumo hatarini sawa na muuzaji.

Na yeyote aliyechoka na tangi lake asimwage viumbe vyake baharini, hata kama anadhani anawarudisha kwao. Viumbe wa tangi wanaweza kubeba magonjwa na vimelea ambavyo mwamba wetu haujawahi kuviona. Aulize kwanza katika afisi ya uvuvi.

Mambo ya kukumbuka unaposhuka mwambani

• Kombe aliyejishika kwenye jiwe asiguswe wala kuchokolewa.
• Tembea juu ya mchanga na uepuke kukanyaga matumbawe. Anayechokoa pweza asivunje jiwe.
• Watoto waonyeshwe kombe akiwa hai mahali pake. Wapitishe kivuli cha mkono juu yake, wamwone akijikunja, kisha wamwache afunguke tena.
• Usikubali kumtolea mtu kombe kwa malipo, hata akisema ana tangi zuri au anafanya utafiti. Mtafiti wa kweli huwa na kibali, na hakosi kupitia kwa BMU na afisi ya uvuvi.
• Makombe waliokaa pamoja waachwe pamoja, kwa kuwa ukaribu wao ndio uzazi wao.
• Ukimwona mtu anang'oa makombe au matumbawe, toa habari kwa viongozi wa BMU, kwa afisa wa uvuvi wa kaunti ndogo, kwa chifu au kwa afisi ya KWS iliyo karibu.

Mkazi anayehitaji maelezo zaidi kuhusu leseni za uvuvi au utunzaji wa viumbe wa bahari anaweza kufika katika afisi ya uvuvi ya kaunti ndogo siku za kazi. Kwa vibali vya kufuga au kusafirisha kombe, maombi hupelekwa kwa KWS kabla ya mnyama kununuliwa.